Picha Tunazopiga, Picha Tunazotuma

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu. Imefupishwa kidogo.)



Tumepewa dakika ishirini, na harufu ya pilau inatuambia tusizivuke. Katika ratiba mada yetu imeandikwa "Mawasiliano ya Miradi". Jina hilo ni kubwa mno kwetu. Sisi tunataka kuzungumzia picha, basi. Na tutaanza kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo tusingefika Magomeni na leo tusingekuwa na la kuwaambia.

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilitoa kipeperushi cha mradi wa maji. Ukurasa wa mbele ulikuwa na mvulana wa miaka kama minane, amechuchumaa kando ya lambo, anakunywa maji kwa kiganja. Mmoja wetu aliipiga picha ile kwa haraka, gari likiwa linaunguruma barabarani. Chini yake tuliandika: "Mtoto yatima akinywa maji machafu." Nani alituambia kuwa ni yatima? Hakuna. Tulimkuta peke yake, shati limechanika, tukamalizia wenyewe. Kipeperushi kilisambazwa katika sharika zote, kikavuka hadi ng'ambo, na tuseme ukweli, kilichangisha fedha. Kisima kilichimbwa na maji yanatoka mpaka leo.

Miezi kadhaa baadaye alikuja ofisini mtu wa makamo, amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Akatoa kipeperushi mfukoni, kimekunjwa mara nne. Akakiweka mezani, akakinyoosha taratibu kwa mkono, akasema, "Poleni na kazi, ndugu zangu. Nimekuja kuuliza nilikufa lini."

Ndugu wajumbe, hatukuwa na jibu. Baba yule alitueleza kwamba siku ile mtoto alikuwa machungani na mbuzi, na shati lile ni la machungani. La shule analo na la kanisani analo. Mama yake yupo. Shuleni wenzake walikuwa wameanza kumwita "Yatima", na ndugu za mkewe walituma mtu kuuliza kuna nini kimetokea. Hakudai fedha. Alitaka jambo moja tu, kwamba karatasi zile zirudishwe. Nasi tulijua hatuwezi kuzirudisha, kwa sababu hatukujua hata zimefika wapi.

Ndiyo sababu tulipopata mwaliko wa semina ya siku tatu ya mawasiliano jijini Dar es Salaam tulikwenda mbio. Tulikuwa watu kumi na wanne: sisi wa ofisi ya miradi, wajumbe wachache wa kamati, na vijana wa sharika wanaojua simu kuliko sisi. Tulitegemea kukaa darasani. Siku ya pili mwezeshaji akatuambia tuvae viatu vya kutembelea, kwamba siku nzima ni kutembea mtaani kwa kundi na kupiga picha. Wapiga picha wengi duniani hufanya matembezi ya namna hii kwa kujifurahisha tu. Tangu mwaka 2008 yapo hata yale yaliyoanzishwa na Mmarekani Scott Kelby, ambapo makundi ya miji mingi hutembea kwa siku moja. Kwetu sisi haikuwa starehe, ilikuwa kupimwa.

Mtaa wenyewe ulikuwa Magomeni. Baadhi yetu tulinung'unika. Tulikuwa tumeshalitazama bonde la Jangwani tukiwa ndani ya basi, na kila mmoja alikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu walivyopoteza maisha na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mwenzetu mmoja akasema wazi, "Twende bondeni, huko ndiko kwenye picha." Mwezeshaji akamjibu, "Huko mmeshazipiga picha zote kabla hamjafika." Tulicheka, lakini neno hilo lilituchoma, maana lambo letu nalo tulikuwa tumelipiga kabla ya kufika.

Masharti yalikuwa haya. Kila mtu picha kumi tu kwa siku nzima, si zaidi. Hakuna kupiga picha ya mtu kabla ya kuzungumza naye. Mtoto hapigwi mpaka mzazi wake awepo na akubali. Kila picha iandikiwe daftarini maneno ya mwenye sura, jinsi anavyojieleza yeye, na siyo tunavyomwona sisi. Na kila aliyepigwa apelekewe nakala iliyosafishwa. Tulidhani sharti gumu lingekuwa la picha kumi. Tulikosea. Gumu lilikuwa la daftari.

Kwanza tulipita ofisi ya serikali ya mtaa. Msione jambo hili ni dogo. Watu kumi na wanne wenye kamera hawaingii mtaa wa watu kama wanaingia sokoni, na tena yapo majengo, kama vituo vya polisi, ambayo hayapigwi picha ovyo. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akauliza, "Mnataka kupiga picha ya nini?" Tukasema, maisha ya kawaida. Akatutazama mmoja mmoja. "Ya kawaida? Mbona hayo hakuna aliyewahi kuja kuyapiga." Akatupa mjumbe wa kutembea nasi, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya na mwendo wa haraka, na tukaanza.

Kwa wale wasioifahamu Magomeni, ni mtaa wa zamani uliopangwa kwa mistari tangu wakati wa ukoloni. Nyumba nyingi za mwanzo ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma, baraza mbele. Mwalimu Nyerere alijenga nyumba yake huku miaka ya 1950 wakati wa harakati za uhuru, na leo ni makumbusho. Ukipita bila kuambiwa huenda usigeuze shingo. Upande wa pili yapo maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za zamani zilizobomolewa. Na Barabara ya Morogoro inapita hapo na mabasi ya mwendokasi tangu mwaka 2016. Kwa hiyo si mtaa wa dhiki iliyopindukia, wala si mtaa wa matajiri. Ni mtaa wa watu wanaoamka alfajiri.

Nusu saa ya kwanza tulijiaibisha. Tulifika penye mtaro ulioziba, maji meusi, mifuko na chupa juu. Bila kuambiana, watu watatu tukainua kamera kwa pamoja! Mama mjumbe akasimama, mikono kiunoni. "Huo tunauzibua Jumamosi," akasema. "Njooni Jumamosi mpige." Kisha akatugeuza nyuma. Ukutani, mita mbili kutoka tulipokuwa tumesimama, palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: majina ya wenye nyumba na wapangaji, nani ametoa mchango wa kuzibua mtaro, nani bado. Wengi walikuwa wametoa. Karatasi ile tulikuwa tumeipa mgongo.

Tumelifikiria jambo hili sana tangu tulipotoka kule. Uchafu hujionyesha wenyewe, mtu hahitaji kuutafuta. Mchango haujionyeshi. Ukiwa na kamera na dakika tano utapata mtaro, na hutapata karatasi. Sisi wa miradi karibu kila mara tuna dakika tano.

Penye baraza moja tulimkuta mama anashona sare za shule. Tukaamkia, tukaeleza, akakubali, lakini akasema ngoja. Akaingia ndani. Tulisubiri, tena si kidogo. Mmoja wetu akaanza kutazama saa. Alipotoka alikuwa amebadilisha kanga, amefunga kilemba, na amebeba shati moja jeupe lililokamilika, limepigwa pasi. Akaketi kwenye cherehani, shati akalitundika pembeni ili lionekane. Tulipomwuliza tuandike nini, alisema: "Andikeni fundi. Andikeni na namba ya simu, labda nitapata kazi." Kwa kawaida sisi tungeandika "mama mjane anayelea watoto", na kweli baadaye alitutajia kuwa ni mjane. Lakini hakulitanguliza hilo. Alitanguliza shati.

Mbele kidogo kundi la akina mama la kuweka na kukopa lilikuwa limekaa kwenye mkeka. Wengi wenu mnazo VICOBA katika sharika zenu, mnalijua sanduku lao: kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mtu wake, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Walikubali tupige sanduku na mikono, wakakataa nyuso na wakakataa fedha. Mweka hazina wao alieleza sababu bila kututafunia maneno: "Picha ikitoka na fedha, usiku tunaweza kupata wageni." Hilo hatukuwa tumelifikiria hata siku moja, sisi ambao tumewapanga akina mama wa vikundi vyetu mara ngapi, noti zimetandazwa mezani, watabasamu!

Palikuwa na mzee wa kahawa chini ya mwarobaini. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba, tukaomba picha. "Picha hapana. Kahawa ndiyo." Tukaketi tukanywa, na kashata juu. Hakutupa sababu na hatukumdai. Mmoja wa vijana wetu alibaki anamtazama na mwanga ule wa asubuhi ulivyomwangukia begani, na tulijua anaumia, maana ingekuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile. Kijana aliiweka simu mfukoni. Tunapenda mlijue hilo, kwa kuwa ni la kumpongeza.

Tuseme kidogo habari ya ufundi, maana vijana wa sharika wametuuliza. Jua la saa sita ni adui. Ukimsimamisha mtu mweusi juani, nyuma yake ukuta mweupe, kamera itaufuata ukuta, na uso utatoka kama kivuli. Mwingize chini ya kibaraza au mlangoni, umpige ukiwa umesimama upande wa nje unakotoka mwanga, utayaona hata macho yake. Aliyeketi mpige nawe ukiwa umeketi au umechuchumaa. Angalieni picha za ripoti zetu za nyuma: karibu zote zimepigwa na mtu aliyesimama, akimwangalia aliyeketi chini. Hatukukusudia, lakini ndivyo zilivyo.

Jioni tulizitazama picha zote ukutani kwa projekta, na mwenyekiti wa mtaa na mama mjumbe walikuwa wamealikwa. Wao ndio waliopewa kazi ya kuchagua, sisi tukakaa kimya. Walichagua kumi na mbili. Tulidhani wataondoa kila kilicho kibaya, lakini mtaro waliuacha. Walichosema ni kwamba picha ya mtaro isitoke peke yake. Iandamane na ile ya karatasi ya michango. "Tukionekana na mtaro bila karatasi," alisema mama mjumbe, "tutaonekana watu tunaongoja."

Sasa, wapendwa, mtu anaweza kuuliza kama tunataka kuficha shida. Hapana. Mwaka 1904 huko Kongo, wakati nchi ile ilikuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu mmoja, Nsala, akiwa ameketi na kutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Picha ile na nyingine kama hizo zilionyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Kuna picha chache zenye uchungu kama ile. Lakini angalieni: Nsala alikuja misheni mwenyewe, amebeba ushahidi wake, na jina lake na la binti yake Boali tunayajua mpaka leo. Sisi jina la mvulana wetu wa lambo hatukuliuliza. Tofauti ni hiyo, na ni kubwa.

Hata hao wenzetu wa Ulaya walilitambua tatizo zamani. Baada ya picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 na 1985, mashirika ya maendeleo ya Ulaya yalipitisha mwaka 1989 kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, zikapitiwa upya mwaka 2006. Kwetu hapa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamhusu kila anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na picha inayomtambulisha mtu imo. Taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kamati ya usharika haiwezi kusema, sisi ni kanisa, hayatuhusu. Yanatuhusu.

Tunakuja sasa penye ugumu, na hapa tunawaomba wageni wetu watusikilize kwa upendo. Tuliporudi nyumbani tulitengeneza kipeperushi kipya cha awamu ya pili ya maji. Mbele tuliweka kamati ya maji ya kijiji na daftari lao la zamu za kutunza pampu, majina yao yote chini, kila mmoja kwa maneno yake. Kipeperushi hicho kilileta sadaka pungufu kuliko kile cha mtoto wa lambo. Tunawaambia bila kuficha. Pungufu hiyo ilitosha kuichelewesha pampu ya pili, na wapo akina mama ambao bado wanatembea asubuhi kwa sababu hiyo. Katika kikao cha ofisi mmoja wetu aliuliza kama heshima yetu hiyo wanailipia wao. Ni swali la haki, na hatukulimaliza siku ile.

Jibu tulilonalo mpaka sasa ni hili. Tuliwaendea akina mama wale wale tukawawekea vipeperushi vyote viwili mbele yao, tukawaambia na hesabu. Walibishana. Wawili walisema turudishe cha kwanza, maji ni maji. Mmoja akauliza mtoto wa nani atawekwa mbele safari hii, na wale wawili hawakumtaja wa kwao. Wakakubaliana tuendelee na kipya, lakini ndani tuweke picha ya njia: mama, ndoo, na kilima, apigwe anayetaka. Walijitokeza watatu. Picha hiyo imo katika kipeperushi mlichokuta kwenye viti vyenu leo, ukurasa wa tatu.

Kwa hiyo marafiki wetu mnaotuma sadaka, tunawaomba msitudai machozi. Mkipata ripoti yenye daftari la zamu na watu waliovaa nguo zao nzuri, msifikiri kwamba shida imekwisha. Mama yule wa Magomeni alivaa kilemba kwa sababu alikuwa anapigwa picha, kama nanyi mnavyochana nywele mkipigwa.

Na kamati za sharika, kwenye meza ya mlangoni tumeweka fomu ya ukurasa mmoja. Ina jina, mahali, tarehe, maneno ya mwenye picha, sahihi au dole gumba, na nafasi ya kuandika "amekataa". Nafasi hiyo isiachwe tupu kwa aibu. Mzee wa kahawa angeijaza. Tengeni na fedha kidogo za kusafisha nakala, msiseme tutatuma kwenye simu, wengi wa wazee wetu simu zao hazipokei picha. Nakala za Magomeni tulizituma kwa basi wiki iliyofuata, na mama mjumbe akatupigia kwamba zimefika zote isipokuwa ya fundi wa sare, ambayo tulisahau kuandika nyuma namba ya simu kama alivyoomba. Tulimtumia nyingine.

Mwisho kabisa, kile kipeperushi cha zamani. Vilichapwa vingi na bado vinaonekana. Mwezi uliopita tulikikuta kimebandikwa katika ofisi ya usharika mmoja, na tunajua vipo ng'ambo pia. Popote kilipo, ukutani, kabatini, au kwenye albamu ya safari yenu, tunawaomba mkiondoe na mturudishie, hata kama ni kimoja. Baba yule tulimwahidi kumpelekea hesabu kila robo mwaka ya vilivyorudi. Mpaka jana ni mia moja na kumi na tisa. Yeye ni mzima, anawasalimu, na mtoto yuko kidato cha kwanza.